Usingoje Kalamu Ikulishe

Wewe uliye Yeoville, Johannesburg, unayesoma haya saluni kabla mteja hajafika, au kwenye kibanda cha mlinzi, nakuita! Amka!

Hadithi unayo. Lugha unayo. Kalamu unayo. Unangoja nini?

Unangoja kalamu ikulishe, ndipo uishike! "Nikipata mchapishaji," unasema. "Nikipata nafasi. Nikishalipa kodi ya nyumba." Kodi umelipa, mwezi umekwisha, kodi imerudi, na ukurasa bado mweupe!

Utazame mji huu huu unaoukanyaga! Oswald Mtshali alikuwa tarishi hapa Johannesburg, akisambaza barua kwa pikipiki. Hakungoja aache kazi. Mwaka 1971 diwani yake, Sounds of a Cowhide Drum, ikatoka, ikanunuliwa kwa maelfu.

Mtazame Miriam Tlali! Karani wa duka mjini humu, mchana kutwa kwenye madeni ya watu waliokopa redio na samani, na katika madeni yale yale akaiona riwaya. Muswada ulikuwa tayari 1969. Wachapishaji wakaukwepa. Kitabu, Muriel at Metropolitan, kikatoka 1975, tena kimekatwakatwa. 1979 serikali ikakipiga marufuku. Angengoja malipo kwanza, nani angetuingiza ndani ya duka lile?

Na mwandishi wetu wa Kiswahili, Shaaban Robert, si aliingia kazini forodhani mwaka 1926? Alikula mshahara wa serikali, akaandika!

Usinielewe vibaya. Malipo ni haki yako. Gazeti likichapa kazi yako, dai! Mchapishaji akiuza kitabu chako, dai! Wakikuambia jina linatosha, dai tena, maana jina halilipi kodi! Lakini utadai nini, nawe hujaandika hata mstari?

Haya yote unayajua. Umeyajua tangu ulipovuka mpaka kuja huku. Wakati unaahirisha, bibi aliyekusimulia habari za Bukavu anazeeka, majina ya mitaa yanakutoka, sauti za majirani zinafifia. Hakuna mshahara utakaozirudisha!

Rudi kwenye kalamu leo! Rudi kabla hujasahau! Rudi ukiwa umechoka hivyo hivyo!

Wewe msusi, mteja wa mwisho akiondoka, usifunge mlango mara moja: kaa, andika. Wewe mlinzi, zamu yako inaanza saa kumi na mbili jioni. Nenda na daftari. Geti likishafungwa, andika ukurasa mmoja kabla ya alfajiri.