Je, Deni ni la Mkopaji Peke Yake?



Tangu utoto tumeambiwa kwamba dawa ya deni ni kulipa. Sisi tuliofundisha miaka mingi katika chuo cha ualimu tuliyarudia maneno hayo kwa wanafunzi wetu, wala hatuyakani leo. Lakini liko swali ambalo methali hiyo hailijibu. Mtu akikopa kununua nyumba, kisha bei ya nyumba ikaanguka bila kosa lake, hasara iwe ya nani?

Marekani ilipatwa na jambo hilo. Kati ya mwaka 2000 na 2007 madeni ya watu majumbani yaliongezeka maradufu, yakafika kama dola trilioni 14, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo ya nyumba. Kisha bei za nyumba zikashuka kwa zaidi ya robo.

Na tufanye hesabu ndogo. Mtu ananunua nyumba ya dola 100,000. Akiba yake ni 10,000, na 90,000 ni za benki. Bei ikishuka kwa sehemu moja ya kumi tu, akiba yake yote imekwisha, na benki bado inamdai 90,000 kamili. Mwenye kidogo ndiye aliyepoteza yote.

Wachumi wawili, Atif Mian na Amir Sufi, walilichunguza jambo hili wilaya kwa wilaya, wakaandika kitabu mwaka 2014. Waliona kwamba penye madeni makubwa watu waliacha kununua, na maduka ya hapo yakapunguza wafanyakazi. Hata viwanda vilivyouza bidhaa nchi nzima vilipunguza watu, pamoja na vile vya wilaya ambazo wakazi wake hawakukopa sana. Oktoba 2009, katika kila watu 10 waliokuwa kazini au wakitafuta kazi, mmoja hakuwa nayo. Basi hata yule aliyejiepusha na mikopo aliweza kupoteza kazi kwa sababu ya deni la mwingine.

Wako watakaosema kwamba kumpunguzia mdaiwa ni kufundisha uzembe, na kumdhulumu aliyejinyima akalipa. Hoja hii ina uzito, maana wapo waliokopa kwa tamaa. Lakini mkopeshaji naye alipima, akakubali, akatazamia riba. Kwa nini asibebe sehemu ya hasara? Wachumi hao walishauri mikopo ambayo malipo yake hupungua bei za nyumba za mahali hapo zikishuka. Na zikipanda, mkopeshaji apate sehemu ndogo ya faida.

Wazo hili si geni kwetu. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, hukataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani. Haisemi deni lisilipwe. Inataka mdaiwa asinyang'anywe kile kinachompatia chakula, ambacho bila hicho hata kulipa hataweza.

Basi tunapomdai jirani yetu, tujiulize kwanza: je, tunachotaka kuchukua ni mali yake, au ni jiwe lake la kusagia?