Ujuzi wa Wengi na Haki ya Mmoja

Ujuzi wa mkono haupatikani kwa kusoma tu. Hupatikana kwa kurudia kazi. Magofu ya Songo Mnara, yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa katika karne ya 14 na ya 15, ni shahidi wa mikono iliyokwisha kuizoea kazi yake. Uuguzi nao hufuata kanuni hiyo. Huko California, Marekani, wachunguzi walifuatia habari za watoto zaidi ya 48,000 waliozaliwa na uzito mdogo mno kati ya 1991 na 2000. Matokeo yalitangazwa 2007: hospitali zenye vyombo kamili na zilizozoea kupokea watoto wengi wa namna hiyo ziliokoa sehemu kubwa zaidi ya watoto wao.

Sababu yaeleweka. Mtoto njiti aliyezaliwa kabla ya wiki 32 ana mapafu yasiyokomaa na ngozi isiyohifadhi joto. Muuguzi amwonaye mtoto kama huyo kila siku hutambua badiliko la pumzi mapema. Amwonaye mara moja kwa mwaka huenda akalitambua wakati umekwisha pita.

Basi akili yashauri kwamba ujuzi ukusanywe mahali pachache. Lakini hapo ndipo swali la haki linapozuka. Songo Mnara ni kisiwa kidogo. Watoto njiti wake hawawezi kuwa wengi wa kutosha kumfunza mganga. Mama wa huko huvuka kwa chombo, akitegemea maji na upepo, mpaka Kilwa Masoko. Hospitali ya wilaya iko Kilwa Kivinje, ya mkoa iko Lindi, na Muhimbili iko Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 300 hivi. Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Je, wokovu wa wengi wa mjini wahalalisha hasara ya mmoja wa kisiwani?

Wako wasemao ndiyo, kwa hoja ya hesabu: fedha za kumwokoa mmoja mbali zingeokoa kadhaa karibu. Hoja hii ina nguvu, ila yasahau asili ya ujuzi wenyewe. Daktari bingwa aliupata kwa wagonjwa, wakiwamo waliokufa alipokuwa akijifunza. Na kodi ya mvuvi imo katika gharama ya chuo kilichomfunza. Ujuzi huo ni amana ya wote, wala si mali ya mji.

Kwa hiyo taifa likusanyapo ujuzi hujifunga deni la kuwafikia walio mbali. Hakuna chombo cha kumsafirisha mtoto njiti kipitacho tumbo la mama yake. Basi mama mwenye dalili za hatari avushwe mapema. Mpango wa m-mama, ulioenezwa nchini kuanzia 2022, ambao kwa simu ya 115 hutafuta usafiri wa mama na mtoto, ni sehemu ya malipo ya deni hilo. Tena, uchunguzi uliofanywa hospitalini katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, na kutangazwa 2021, ulionyesha kwamba katika watoto wadogo waliowekwa kifuani mwa mama mara baada ya kuzaliwa walikufa 12 katika kila 100. Katika waliowekwa baadaye walikufa karibu 16. Kifua hakishiki nafasi ya hospitali, lakini chaweza kuwa hifadhi ya njiani.

Hesabu ya wengi na itufunze namna ya kuponya; isitufunze nani aachwe.