Watu Wapo Iga Barrière, Hawajaalikwa Tu

Iga Barrière mtu akifiwa, hakuna anayengoja kuitishiwa kikao. Turubai linafika, viti vinafika, mama mmoja anapita na daftari akiandika nani ametoa nini, na kabla jua halijazama sufuria ziko motoni. Familia ikishuka kutoka milimani usiku, magodoro kichwani na watoto mgongoni, kuna mlango utakaofunguliwa. Ituri imeishi hivyo miaka yote hii ya vita. Waliohama makwao, mamia ya maelfu ya watu, wengi walipokelewa kwanza na majirani, ndipo magari yenye bendera yakafuata. Kwa hiyo sitaki kusikia tena kwamba watu wetu wamechoka, kwamba hawana moyo, kwamba wanangoja mashirika. Moyo upo. Tatizo ni kwamba unaamka siku ya msiba, na baada ya siku tatu turubai linakunjwa, daftari linafungwa, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake.

Tunahitaji kitu kitakachouamsha moyo huo Jumanne ya kawaida, siku ambayo hakuna aliyekufa. Kitu hicho ni klabu ya kujitolea: watu wa kazi mbalimbali wanaokutana kwa ratiba, wanachagua kazi moja ya mji wao, wanaimaliza, kisha wanachagua nyingine. Na ninaandika haya kwa ajili ya Iga Barrière makusudi, mji mdogo wa territoire ya Djugu, kilomita kama 25 kutoka Bunia, kwenye barabara ya kitaifa namba 27 iendayo Mahagi. Bunia ina ofisi za kila aina. Mji wa njiani kama Iga unabaki ukitazama magari yakipita.

Mnadhani klabu za namna hii ni za wazee wenye suti na hoteli? Basi sikilizeni Rotary, mtandao wa klabu za namna hii duniani, ilivyoanza. Tarehe 23 Februari 1905, katika mji wa Chicago, wanaume wanne walikutana ofisini. Paul Harris alikuwa wakili. Silvester Schiele aliuza makaa ya mawe. Hiram Shorey alikuwa mshonaji na muuza nguo. Wa nne, mwenye ofisi yenyewe, Gustavus Loehr, alikuwa mhandisi wa migodi. Mtu wa machimbo, kama wengi wanaopita Iga wakielekea Mongbwalu. Chicago wakati ule ulikuwa mji wa watu waliotoka kwingine kutafuta maisha, na Harris mwenyewe, aliyekulia kijijini, aliona upweke mkubwa humo. Walianza kwa kukutana zamu kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, safari nyingine kwa yule. Hawakuwa na jengo wala mfadhili.

Na kazi yao ya kwanza kwa mji, mwaka 1907, ilikuwa nini? Choo. Walishirikiana na vyama vingine kuisukuma serikali ya mji ijenge vyoo vya umma karibu na jumba la mji. Wenye baa na wenye maduka makubwa walipinga, maana mtu aliyeingia kwao kujisaidia mara nyingi alitoka amenunua kitu. Vyoo vikajengwa hata hivyo. Rotary hiyohiyo iliyoanza na choo, miaka themanini hivi baadaye, mwaka 1985, ilitangaza kampeni ya kuwachanja watoto wa dunia nzima dhidi ya polio, na tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ikathibitishwa kuwa haina tena virusi vya polio vya asili. Leo ina wanachama zaidi ya milioni moja. Anayewaambia kwamba kusafisha mfereji wa soko ni kazi ndogo, mpelekeeni habari hiyo.

Mfano wa karibu zaidi uko ng'ambo ya Ziwa Albert. Uganda wanamkumbuka Sam Owori, mwanachama wa Rotary ya Kampala, aliyewahi kuwa gavana wa wilaya ya Rotary iliyozishika Kenya, Tanzania, Uganda, Ethiopia na Eritrea kwa pamoja. Alipoanza ugavana, mwishoni mwa miaka ya 1980, Uganda ilikuwa na klabu tisa. Alipochaguliwa kuwa rais ajaye wa Rotary duniani, karibu miaka thelathini baadaye, zilikuwa 89. Kifo kilimchukua Julai 2017 kabla hajakikalia kiti hicho. Imani yake kuhusu Afrika ilikuwa nyepesi kuielewa: watu wanaofaa wapo wengi, hawajawahi kualikwa. Basi. Hakusema ni wabinafsi, hakusema ni maskini mno. Na Uganda ile ya mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa inatoka vitani, barabara zimeharibika, fedha imeporomoka. Haikungoja itulie kwanza. Klabu zile zimeendelea kuzaa kazi. Tangu 2012 wanakimbia mbio za kila mwaka kuchangia matibabu ya saratani, na maelfu ya watu wasio wanachama wanavaa fulana na kukimbia nao. Wengine wanaingia uanachama kwa mlango huohuo, wakiwa bado wanatoka jasho.

Hapo ndipo siri ilipo, na klabu nyingi zinakosea papo hapo. Wanamwalika mtu kwenye kikao. Anakuja, anakalishwa nyuma, anasikiliza muhtasari wa kikao kilichopita, ajenda kumi na moja, mengineyo, sala ya kufunga. Hatarudi, na mimi nisingerudi. Mwalike mtu kwenye kazi. Mwambie saa, mahali, na chombo cha kubeba: Jumamosi saa mbili, mfereji wa soko, njoo na jembe. Akifika mpe kitu mkononi kabla hajaulizwa jina la baba yake. Mtu aliyeshika koleo pamoja nawe kwa saa mbili ameshaingia klabuni. Karatasi atajaza baadaye.

Wazee watasema: hiyo si salongo? Wana haki ya kuuliza. Enzi za Mobutu salongo, kazi ya pamoja ya umma, ilikuwa amri, na asiyetokea aliijua adhabu yake. Kazi ya kulazimishwa inaisha mara msimamizi akigeuza kisogo. Klabu ninayoisema haimwandiki mtu asiyetaka wala haimtozi faini asiyefika. Inamtumia ujumbe tu kumuuliza kama yuko salama.

Halafu kuna swali la motisha. Nalijua, nalisikia kila mahali ambako mashirika yamepita: "Kuna transport? Kuna perdiemu?" Msiwacheke wanaouliza. Mama mwenye watoto watano akiacha shamba asubuhi nzima, asubuhi hiyo ina bei. Lakini tazameni wale tunaowaita RECO, wajitoleaji wa afya wa kila eneo. Wanapita nyumba kwa nyumba siku za chanjo, wanatia alama kidole cha mtoto aliyekwisha kupata matone, wanajua mlango upi una mama mjamzito na mlango upi una kikohozi kisichoisha. Wengi wamefanya hivyo miaka mingi kwa fulana, jozi ya mabuti na ahadi. Wao ni ushahidi kwamba kazi ya bure inawezekana hapa hapa Djugu, na pia ni deni letu. Klabu ya Iga ikianza kwa kulima shamba la RECO mmoja siku anayotembeza chanjo, itakuwa imefanya kazi mbili kwa jembe moja.

Kumbukeni pia Ebola. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ukamalizika rasmi tarehe 25 Juni 2020 uliua watu 2,287, hasa katika Kivu Kaskazini na Ituri, na Bunia na Mambasa ziliguswa. Waliobeba maiti, waliovaa yale mavazi ya plastiki kwenye joto, wengi walikuwa vijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu. Kuna waliorushiwa mawe. Mahali ambapo familia ilimtambua mmoja wao, kijana wa kijiji anayejua lugha yao na anayewapa nafasi ya kusali, jeneza lilikwenda kaburini kwa amani. Mgeni mwenye elimu yote asingeweza kufanya kazi ile peke yake. Ilimhitaji jirani, na jirani anayeaminika hatengenezwi siku ya mlipuko. Anatengenezwa miezi na miaka kabla, kwenye mifereji na vyoo na mashamba ya wajane.

Sasa niseme lile gumu. Kujiunga tunajua sana. Tuna likelemba, tuna kwaya, tuna vikundi vya akiba na mikopo, tuna mutuele za makabila. Wahema wana yao, Walendu yao, Waalur, Wabira, Wanande, Walugbara vilevile. Sizibezi. Zimezika wafu wetu na zimelipia watoto shule. Lakini vita vilipowaka mwaka 1999, na vilipowaka tena mwishoni mwa 2017, majina yetu yalikuwa yamekwisha kugawanywa kwenye madaftari tofauti. Mji wa njiani kama Iga, ambapo watu wa kila upande wanauziana mihogo, mafuta na dhahabu, unahitaji walau daftari moja lisilo na safu ya kabila. Halitaleta amani peke yake. Miaka hii tumesaini makubaliano ya kutosha kujua hivyo. Litafanya jambo dogo lakini la kweli: siku uvumi utakapoingia sokoni kwamba "wale" wanakuja, utakuwa na namba ya simu ya mmoja wa "wale", mtu mliyezibua naye mfereji, na utampigia kabla hujakimbia.

Kwa hiyo klabu isifungwe kwa mtu yeyote. Rotary yenyewe, kwa sifa zake zote, iliwaacha wanawake nje hadi mwaka 1989, miaka 84 ya kukataa nusu ya mikono ya dunia, na ilihitaji uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1987 kuisukuma. Msirudie ujinga huo. Kwenye miji yetu mama wa soko ndiye anayejua nani amelala njaa na nani amekimbia na mkopo. Asipokuwa kwenye komite, komite haijui kitu. Vijana nao wasiwekwe kuwa wabeba viti. Mwenye pikipiki ya taksi anayezijua njia zote hadi Nizi ana thamani kwenye klabu kuliko mheshimiwa anayekuja kukata utepe.

Kuhusu waheshimiwa: wakaribisheni kama watu, kataeni bahasha zao. Fulana zenye sura ya mgombea zitaua klabu haraka kuliko ukata. Na mwenye bunduki, wa upande wowote, asichangie hata sabuni. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya hali ya kuzingirwa, hivyo viongozi wa mahali waarifiwe mapema, kikao kiwe mchana, mahali pa wazi, kila mtu asikie. Mkianza kukua, sheria namba 004 ya tarehe 20 Julai 2001 inaonyesha njia ya kusajili chama kisicho cha faida. Isiwe kisingizio cha kungoja. Watu kumi wanaozoa taka za soko hawahitaji muhuri.

Fedha ndiyo inayovunja. Husemwa penye wengi hapaharibiki neno. Huyo aliyesema hakuwahi kukaa kwenye chama ambacho mweka hazina anaishi na sanduku chumbani kwake. Jibu mnalo tayari. Vikundi vya akiba vinatumia sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na fedha zinahesabiwa mbele ya wote kwa sauti. Chukueni utaratibu huo kama ulivyo. Mchango uwe mdogo kiasi kwamba mchuuzi wa ndizi hataona haya kuutoa, na asiye na faranga atoe saa zake, ziandikwe pia. Aliyetoa saa nne asomwe kwa sauti ileile ya aliyetoa mfuko wa saruji.

Na msichukue kazi kumi. Kazi moja, ionekane, iishe. Choo cha soko chenye mlango unaofungwa na mama mwenye ufunguo. Mfereji unaopeleka maji ya mvua mbali na nyumba. Benchi kwenye kituo cha afya ili mjamzito asisimame. Ikiisha, iteni watu waione, waambieni ilichukua siku ngapi na faranga ngapi, kisha tajeni kazi inayofuata na siku yake. Siku hiyo ya kuonyesha ndiyo siku ya kuandikisha, maana mtu anajiunga na kitu alichokiona kimesimama.

Wengine wataondoka. Watahama, watapata kazi Bunia, watakimbilia Uganda, wengine watachoka tu. Waageni vizuri na wapeni jukumu la mwisho: kila anayeondoka alete mmoja wa kushika jembe lake.

Basi wewe unayesoma, usingoje barua kutoka popote. Wiki hii chagua watu watatu: mmoja wa mtaa mwingine, mmoja mwenye lugha nyingine ya nyumbani, mmoja aliye mdogo kwako kwa miaka kumi. Wakitoka kanisani au msikitini, au wakifunga meza zao sokoni, waendee mwenyewe kwa miguu yako, usiwatumie ujumbe. Watajie Jumamosi, saa mbili, mahali, na chombo cha kuja nacho. Wakija wawili, anzeni.