Deni la Moshi

Kuna ile hadithi ya Abunuwasi na harufu ya nyama. Maskini mmoja alikuwa anajisogeza karibu na jiko la tajiri, anakula ugali wake mkavu huku anavuta harufu ya mbuzi anayeiva. Tajiri alipojua akamshtaki: umekula harufu yangu, nilipe. Abunuwasi akamaliza kesi kwa kugonganisha sarafu mbele ya tajiri. Umesikia mlio? Basi umeshalipwa.

Sote tunacheka, kwa sababu choyo cha tajiri kinachekesha. Lakini tangu nianze kufukiza nyama, hadithi hii imenigeukia. Yule maskini alisogea mwenyewe. Je, kama angekuwa amekaa kwake, mlango umefungwa, na moshi ndio umemfuata? Hapo nani angemdai nani?

Smoka, kwa ambao hamjaiona, si jiko la kuchomea. Nyama choma ni moto wazi, saa moja hivi, kachumbari, kwisha. Smoka ni chombo kilichofungwa: makaa yanakaa chini, nyama inakaa mbali nayo, joto linashikwa kwenye nyuzi 110 hadi 120, halafu unangoja. Kuku anaweza kuchukua saa tatu. Kidari cha ng'ombe kinakula saa nane, hata kumi, kwa sababu kina nyuzi ngumu ambazo moto wa haraka huzikaza kama kamba, lakini joto la polepole huzilainisha mpaka nyama inaachana yenyewe. Mbuzi wetu hana mafuta ya kuvumilia safari hiyo. Mbuzi nawaachia wachomaji.

Hapa Kitale wenye pesa huagiza zile za duara zenye mfuniko, kutoka Nairobi. Sisi wengine tunaenda kwa fundi wa jua kali na pipa la lita 200. Swali la kwanza si bei, ni pipa lilibeba nini. Lililobeba mafuta ya kupikia ni sawa. Lililobeba dawa ya shamba, achana nalo hata ukipewa bure, na hii ni nchi ya mahindi, mapipa ya aina hiyo hayakosekani. Likishatobolewa, liwashiwe kuni ndani mpaka rangi yote ya zamani iungue. Kisha kagua mfuniko. Mafundi wengi wanapenda kukata mlango mkubwa wa kupendeza, lakini pipa linalovuja huvuta hewa ovyo, makaa yanawaka kwa kasi, na utakaa hapo kama mtu wa treni ya zamani unaongeza makaa kila mara. Unataka tundu moja chini la kuingiza hewa na moja juu la kutoa moshi, na uendeshe moto kwa lile la chini.

Namna ya kuwasha pia inahesabika. Jaza makaa baridi, kisha mwaga juu yake machache yaliyoshika. Moto utashuka wenyewe taratibu, masaa mengi bila kuguswa. Juu ya makaa weka vipande viwili vitatu vya mti mkavu: mpera, mwembe, mparachichi. Mkaratusi una mafuta yake, na msaipres una utomvu; zote mbili zitakupa nyama yenye ladha ya dawa. Ukiona moshi mweupe mzito, moto unakosa pumzi na nyama itakuwa chungu. Moshi mzuri ni mwembamba, wa bluu, karibu usionekane.

Na hapo ndipo swali linaponipata, nikiwa nimesimama na kile kipande cha mpera mkononi. Makaa ni nini, kwani? Ni kuni ambayo moshi wake umeshavutwa na mtu mwingine. Mchomaji hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, na kuyaacha yaungue kwa kunyimwa hewa siku kadhaa, naye akilala karibu ili tanuri lisitoboke likawa majivu. Moshi wote unatokea kule. Ndiyo maana wewe unaweza kuwasha jiko kwenye korido ya ploti na usikohoe sana. Kwa tanuri la udongo, kilo moja ya makaa hutoka kwenye kilo kati ya 5 na 10 za kuni. Sasa sisi tunanunua kuni iliyoondolewa moshi kwa gharama hiyo yote, tunaileta mjini, halafu tunatafuta kipande cha mpera ili tuurudishe moshi. Eti ladha.

Kidari kimoja kwenye pipa letu kinakula karibu mikebe sita ya makaa. Ni ile mikebe ya Kasuku ambayo jirani hununua mmoja mmoja kupikia maharagwe ya watoto.

Kitale iko katikati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, viwili kati ya vyanzo vitano vikuu vya maji vya Kenya. Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti kwenye misitu ya umma, kwanza kwa siku 90 na kisha kwa miaka, wengi mjini walikutana na habari hiyo kwenye bei ya gunia. Hayo ndiyo maumivu tunayoyajua. Ya kule kwenye tanuri hatuyasikii.

Kukhu yangu, Bungoma, alifukiza nyama maisha yake yote na hakuwahi kuiita jina la kifahari. Nyama ilikatwa vipande virefu, ikawekwa kwenye uchaga juu ya mafiga, na moshi ule ule wa kupika ugali ukaikausha. Hakuna kuni iliyowashwa kwa ajili ya nyama. Nikimwambia khocha wangu kwamba mimi huwasha moto kwa ajili ya moshi, ananitazama kama mtu aliyenunua mvua. Lakini sitaki kuifanya jikoni ya kukhu kuwa pepo. Moshi ule hakuchagua kuuvuta, aliuvuta kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mpishi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, ya majiko kama yale, iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020.

Jumapili moja, kwa rafiki yangu mwenye ua mdogo hapa Kitale, pipa lilikuwa linafuka tangu saa moja asubuhi. Jioni nikatumwa na sahani kwa jirani wa ukuta wa nyuma. Ni mama mwenye kijana wa pumu. Akapokea kwa mikono miwili, akashukuru kabisa, kisha akasema, "Lakini mwanangu, si nyama iliyoingia kwa nyumba yangu."

Sijapata jibu la hiyo sentensi. Sisi tumelelewa kuamini kwamba kugawa kunamaliza mambo: umepika kikanukia, peleka sahani. Ni adabu nzuri. Ila sahani inalipia harufu, ile hamu uliyomtia mtu. Haigusi moshi. Alichotaka yule mama ni kidogo kuliko nyama na kigumu zaidi: aambiwe Jumamosi, aanue nguo, amtoe kijana aende kwa shangazi, au aseme hapana. Kumpelekea sahani bila kumuuliza ni kugonganisha sarafu tu.

Kuna watakaosema moshi ndio unaotulisha, tusijifanye wazungu. Nawaelewa. Webuye, pale njiani kati ya Kitale na Bungoma, iliishi miaka mingi na uvundo wa kiwanda cha karatasi, na kiwanda kilipofungwa 2009 mji ulipata hewa na kupoteza ajira. Ukiwauliza watu wa pale walipendelea kipi, utasikia majibu yanayogombana ndani ya mtu mmoja. Lakini wao angalau kulikuwa na mshahara kwenye mizani. Pipa letu lina kidari.

Bado nafukiza. Mara chache, pipa likiwa limejaa: kidari, kuku wawili, soseji za majirani wanaotaka, ili moto mmoja ufanye kazi ya watu wengi. Makaa natafuta ya miwati iliyopandwa kwa ajili hiyo, nikiyapata. Na siku mbili kabla tunapita nyumba kwa nyumba tunauliza. Yule mama alishasema hapana mara moja, tukachemsha kuku.

Ila gunia la juzi lilinunuliwa kando ya barabara ya Lodwar, limeshonwa kwa kamba na majani juu. Nikamuuliza muuzaji ni mti gani. Akasema ni mti tu. Nikauliza nani alichoma. Akaniuliza kama nataka moja au mawili.