Treni Iliyokula Kisingizio Changu

Kwa miaka mitatu nilikuwa na jibu moja kwa mama. Akipiga simu na kuuliza, "Mwanangu, unakuja lini?" namjibu, "Mama, si unaijua safari yenyewe."

Aliijua. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kama kilomita 450, na kwa basi ni siku nzima. Unaamka saa tisa usiku kuwahi stendi ya Mbezi, basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi likijisikia, kisha foleni ya Kibaha, mizani ya Vigwaza, dakika ishirini za chipsi Morogoro, vumbi na jua la Gairo. Alasiri unashuka Dodoma viatu vikikubana. Siku ya kwenda, siku ya kurudi, na katikati angalau siku moja ya kukaa, la sivyo utakuwa umesafiri kwenda kuangalia stendi. Siku tatu. Mwanafunzi wa uzamili anayefundisha tuisheni jioni ili alipe chumba azitoe wapi?

Jibu langu lilikuwa la kweli, na hilo nataka lieleweke. Uongo nisingeuvumilia miaka mitatu, ningeukiri hata kwa aibu. Kisingizio kinachodumu ni kile ambacho kila neno lake ni kweli, kwa sababu hakuna anayeweza kukupinga, hata wewe mwenyewe.

Kisha reli ikafika. Tarehe 25 Julai 2024 treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria hadi Dodoma, na wiki moja baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi. Nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa kuwa shilingi 31,000. Mwendo wake ni hadi kilomita 160 kwa saa, na safari niliyokuwa nikiilipia kwa siku nzima ikawa chini ya saa nne. Mama alisikia redioni. Alinipigia jioni ile na hakuuliza nakuja lini. Alisema tu, "Nasikia siku hizi mtu anatoka Dar na kufika huku ugali haujapoa." Tukanyamaza wote wawili. Nadhani ulikuwa ukimya mrefu kuliko wote tuliowahi kuwa nao kwenye simu, na dakika zilikuwa zangu.

Mwezi huohuo nilikuwa nasoma makala ya Peter Singer ya 1972 kuhusu njaa, utajiri na maadili. Ndiyo yenye mfano wa mtoto anayezama kwenye bwawa: unapita karibu, ukiingia utalowesha nguo zako, je, utamwacha? Hakuna anayesema atamwacha. Basi, anasema Singer, umbali haubadilishi kitu. Kwamba mtu yuko karibu kunaweza kutufanya tuelekee zaidi kumsaidia, lakini hakumfanyi astahili zaidi. Na anaongeza jambo ambalo nilikuwa nimelipigia mstari kabla ya kuelewa linanihusu nini: mawasiliano ya papo hapo na usafiri wa haraka vimeuondoa utetezi wa zamani wa watu wa mbali.

Nilimtetea Singer darasani kwa nguvu. Mwenzangu mmoja, kijana wa Tanga mpole sana, aliniambia wazee wetu hawakubaliani naye: fimbo ya mbali haiui nyoka. Nilimjibu kwamba methali ile inazungumzia uwezo tu, haisemi lolote kuhusu wajibu. Haikusema nyoka wa mbali hatuhusu. Imesema fimbo haifiki. Siku fimbo itakapofika, methali yenyewe itatudai. Darasa likacheka, mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikatoka nje nikijiona mwanafalsafa, na mama yangu ana kidonda mguuni, kisukari hakitaki kipone, na mimi sijamwona tangu Krismasi.

Ipo kanuni ya zamani, kwa kawaida huhusishwa na Kant, kwamba huwezi kudaiwa usichokiweza. Kila mtu huipenda, kwa kuwa inasamehe. Wachache huigeuza upande wa pili. Ikiwa kutoweza kulinisamehe, basi kila chombo kinachoniongezea uwezo kinanirudishia deni. Daraja, simu, treni. Tunavihesabu kwa muda vinaotuokolea, na mabango ya stesheni hayasemi mengine. Muda uliookolewa ni wa nani hakuna bango linalosema.

Hapa nilijaribu kujitetea. Ndege za Dodoma zilikuwepo miaka yote, safari ya saa moja hivi, na hazikunidai chochote. Kwa nini treni inidai? Jibu likaniumbua: ndege sikuwa na nauli yake. Kwa hiyo kilichokuwa kikinisamehe hakikuwa kilomita, kilikuwa bei. Nilikuwa nasema "mbali" kwa maana ya "ghali", kama watu wengi wa nchi hii wanavyosema, na kwa wengi 31,000 bado ni mbali sana. Lakini kwangu mimi, mwenye vijana wanne wa tuisheni, haikuwa tena mbali.

Nikaanza kwenda. Kwanza Septemba, kisha kila mwezi. Nakiri ni starehe. Kiti kimetulia, Milima ya Uluguru inapita kushoto kama mtu anayekusindikiza, mahandaki ya upande wa Kilosa yanakata mtandao na kwa dakika chache gari zima linainua macho kutoka kwenye simu. Safari moja nilikaa na afisa wa wizara ambaye ofisi yake ilihamia Dodoma, mke na watoto wakabaki Dar. Aliniambia zamani alikuwa anarudi nyumbani mwisho wa mwezi na hakuna aliyemlaumu. "Sasa kila Ijumaa natakiwa," akasema. Sikujua kama analalamika au anashukuru. Naye sidhani alijua. Makao makuu yamekuwa yakihamia Dodoma tangu uamuzi wa 1973, na kwa muda wote huo kuna watu walioishi vizuri katika pengo la miji hii miwili.

Ila niligundua kitu. Basi lilikuwa linanilazimisha kulala. Ukishateseka vile hurudi siku ileile, kwa hiyo kila nilipokwenda nilikaa siku mbili, tatu. Treni iliniruhusu nifike asubuhi na kuondoka jioni. Nilikuwa nakwenda mara nyingi zaidi, na kila mara kidogo zaidi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu sikuwahi kuifikia. Nilikuwa mgeni wa saa saba: nachinjiwa kuku, nakula mlenda na ugali wa uwele, namsikiliza mama, napiga picha, naacha pesa kidogo chini ya kitambaa cha meza, nawahi stesheni.

Aliyeshika jembe ni dada yangu. Ana genge la nyanya na vitunguu Nkuhungu, nalo hulifunga kila siku ya kliniki, na asubuhi zingine hulichelewesha kwa sababu kidonda lazima kisafishwe kwanza. Hakuchagua kuwa karibu. Sisi wengine tuliondoka mmoja mmoja, shule, ndoa, kazi, na aliyebaki akakabidhiwa bila kikao. Singer anasema ukaribu hauongezi wajibu, nami nilikuwa nimelisoma hilo kama habari inayomhusu mtu wa mbali. Sikuwahi kulisoma kwa upande wa dada. Ikiwa ukaribu hauongezi wajibu, basi yeye hakuwahi kudaiwa zaidi yangu hata siku moja, na kwa miaka mitatu alikuwa akilipa sehemu yangu pamoja na yake, huku tukiita jambo hilo umbali.

Mwezi Februari, jioni, akanisindikiza hadi barabarani kunitafutia bodaboda. Nilimwambia nimefurahi kwamba siku hizi naweza kuja mara kwa mara. Hakukasirika. Alisema, "Wewe unakuja, mdogo wangu. Mimi nipo." Kisha, kana kwamba ni jambo lingine kabisa, akauliza ndani ya ile treni kukoje. Hapo ndipo nilipojua hajawahi kuipanda. Honi yake anaisikia kila siku akiwa gengeni. Anajua ya asubuhi ikichelewa. Tumekuwa tukiandika na kubishana kuhusu manufaa ya reli kwa abiria, na kwa abiria ni kweli, ni mengi. Lakini kuwa abiria ni lazima kwanza kuwe na mtu anayeweza kubaki badala yako.

Aprili nilikwenda na kukata tiketi ya upande mmoja. Nilimpa dada 62,000 za kwenda na kurudi. Alizikataa mara mbili, ya tatu akauliza gengeni nani atakaa. Usiku kabla hajaondoka alinifundisha kidonda: maji ya chumvi yawe vuguvugu, usikisugue, kiangalie rangi, kinuse. Nilisita kwenye kukinusa. Aliniangalia tu mpaka nikainama.

Asubuhi alipanda. Nilifungua genge saa tatu, nikauza nyanya kwa bei ya hasara kwa sababu sikujua mafungu ya mia tano yana nyanya ngapi, nikafunga, nikarudi nyumbani, nikachemsha maji, yakapoa mno, nikachemsha tena. Mama alikuwa ameunyoosha mguu kwenye stuli na ananielekeza kwa sauti ya mtu anayemsubiri fundi mgeni. Nilikuwa bado nazungusha bendeji, mara ya pili, ya kwanza ilikaza sana, simu ikaita.

"Nimefika," dada akasema. Nyuma yake kelele za mjini.

"Mbona upesi hivyo?"

"Amekula kabla ya dawa?"

Nikamtazama mama. Mama akaangalia pembeni.