Usawa Mbele ya Bao: Mzazi, Mtoto na Kanuni

Usawa ni dhana isiyokaa kwa raha ndani ya familia, kwa kuwa uhusiano wa mzazi na mtoto umejengwa juu ya tofauti za umri, ujuzi na madaraka, na lugha yenyewe ya heshima huikumbusha tofauti hiyo kila kukicha. Katika Mombasa ya upande wa bara, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, kama ilivyo kisiwani, mtoto humwamkia mkubwa wake kwa shikamoo naye hujibiwa marahaba, na haitokei siku salamu hiyo ikageuka, mkubwa akamwamkia mdogo. Hata hivyo, wawili hao wakikaa barazani na ubao wa bao ukawekwa kati yao, huingia katika mpango mwingine ambamo kanuni hazimuulizi mtu umri wake. Swali linalochunguzwa hapa ni hili: usawa huo wa mchezoni ni usawa wa kweli, na je, mzazi anayejiachia kusudi ili mtoto ashinde anaujenga au anaubomoa?

Ni vema kwanza ifahamike bao ni mchezo wa namna gani. Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32, ambapo kila mchezaji humiliki safu 2 na kupewa kete 32, ambazo kwa kawaida ni komwe, mbegu ngumu za mkomwe. Mchezo huanza kwa kila mmoja kuweka kete 10 tu ubaoni na kubaki na 22 mkononi, na sehemu ya kwanza, iitwayo kunamua, ni ya kuziingiza hizo za mkononi moja baada ya nyingine. Zikiisha, mchezo huendelea kwa kete zilizomo ubaoni peke yake. Mtaji ni hatua ya kula, yaani kuzichukua kete za mpinzani na kuzipanda, yaani kuzigawa moja moja katika mashimo, upande wa mlaji, na kutakata ni hatua isiyo na kula. Hushindwa yule ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu, au ambaye hana tena hatua anayoweza kucheza.

Miongoni mwa mashimo hayo, moja la kila upande huitwa nyumba, nalo huanza na kete 6. Mpandaji ambaye kete yake ya mwisho imeangukia katika nyumba yake mwenyewe wakati wa kula ana hiari ambayo shimo jingine halimpi: anaweza kulala, maana yake kuishia hapo, au kusafiri, maana yake kuzichukua kete zote na kuendelea kuzipanda. Nyumba ikishachukuliwa mara moja, hugeuka shimo kama mengine. Mwanafalsafa John Searle, katika kitabu alichokitoa mwaka 1969, alitofautisha kanuni zinazoongoza jambo lililokuwapo tangu awali na kanuni zinazoliumba jambo lenyewe. Kanuni za barabarani ni za aina ya kwanza, kwa sababu watu walisafiri kabla hazijatungwa. Kanuni za bao ni za aina ya pili, kwa sababu pasipo hizo kuna kipande cha mti chenye mashimo, lakini hakuna nyumba, hakuna mtaji wala hakuna kushinda. Shimo huchongwa na seremala, lakini nyumba huundwa na wachezaji wawili wanaokubali kuiheshimu. Bao, kwa hiyo, ni njozi ya pamoja, ulimwengu wa kubuni usioweza kukaliwa na mtu mmoja.

Hapo ndipo usawa unapopata mahali pa kusimama. Mtoto anapokula kete za mzazi wake hakosi adabu, na mzazi anayeliwa hapungukiwi na hadhi, kwa kuwa wote wawili wametii kanuni ile ile waliyoikubali. Usawa huu si wa uwezo, bali ni usawa wa kuwajibika mbele ya sheria moja, nao hudhihirika zaidi katika bao kuliko katika michezo ya dadu. Katika ludo, kwa mfano, dadu huweza kumpa mdogo ushindi bila mkubwa kujilegeza. Bao halina dadu wala karata za kuficha. Isipokuwa kete za mkononi ambazo idadi yake yajulikana, kila kitu kimo ubaoni mbele ya macho ya wote, na kilichofichika ni kimoja tu, nacho ni nia ya anayecheza.

Kutokana na hali hiyo, mzazi anayetaka mtoto ashinde kwa siri hana pengine pa kuficha hila yake ila katika nia. Hulazimika kuuona mtaji na kujifanya hakuuona. Nia yake ni njema, kwani anaogopa mtoto asivunjike moyo, lakini matokeo yake ni kwamba mtoto amebaki peke yake katika njozi iliyohitaji watu wawili: anadhani anashindana, kumbe anatumbuizwa. Methali isemayo asiyekubali kushindwa si mshindani hutajwa sana kumkemea anayenuna, lakini ina upande wa pili usioangaliwa. Ikiwa kukubali kushindwa ndiko kunakomfanya mtu mshindani, basi mtoto aliyezuiwa asishindwe amenyimwa nafasi ya kuwa mshindani, na aliyemnyima ni yule yule aliyemkaribisha mchezoni.

Haifuati, hata hivyo, kwamba mzazi sharti acheze kwa nguvu zake zote. Mtafiti Mholanzi Alexander de Voogt, aliyechapisha mwaka 1995 uchunguzi wake kuhusu umahiri wa mabingwa wa bao wa Zanzibar, alionyesha kwamba ubingwa huo hutegemea uwezo wa kukokotoa akilini mizunguko mirefu ya kete kabla ya kuzigusa. Mtoto asiyeweza kufuata hata mzunguko mmoja hadi mwisho, akikabiliwa na ujuzi wa namna hiyo, hachezi bao. Anatazama kete zikimtoka bila kujua sababu. Kumshinda mtu asiyeelewa ameshindwaje hakumfunzi kitu, na usawa wa kanuni uliotajwa hapo juu hubaki jina tu.

Njia ya kutoka katika mgogoro huu ni kutofautisha upungufu wa siri na upungufu uliotangazwa. Lipo bao la kujifunza, ambalo kete zote 64 hupangwa mbili mbili katika kila shimo tangu mwanzo, bila kunamua na bila nyumba, na mzazi anayelichagua huwa ameirahisisha sheria kwa wote wawili, hakumdanganya yeyote. Vivyo hivyo mzazi anaweza kukubali waziwazi kuanza na kete pungufu, au kumruhusu mtoto airudishe hatua mbaya baada ya kuelezwa ubaya wake. Katika hali zote hizo tofauti ya uwezo inakiriwa, inapimwa na kuwekwa ndani ya kanuni, na mtoto akishinda anajua ameshinda nini.

Jambo la mwisho limo katika utaratibu wa kula wenyewe. Katika sataranji kipande kilicholiwa hutolewa ubaoni, lakini katika bao kete iliyoliwa hupandwa upande wa mlaji, naye hulazimika kuilinda, kwa maana yaweza kumrudia mwenyewe wa kwanza katika hatua inayofuata. Anachokipata mtoto kutoka kwa mzazi hapo si zawadi ya kuwekwa kabatini. Ni mali iliyo kazini, inayodai uangalifu ule ule aliokuwa nao aliyeipoteza. Tangu zamani Mombasa haikulihesabu bao kuwa mchezo wa kitoto, na Muyaka bin Haji, mshairi wake mkuu wa mwanzo wa karne ya 19, alilitungia shairi. Kumkaribisha mtoto baoni ni kumkaribisha katika jambo la watu wazima, na jambo la watu wazima huanza kwa makubaliano ya wazi. Basi mzazi akiona mtoto anahitaji kupunguziwa, na ampunguzie, lakini atamke hivyo kabla ya kete ya kwanza kupandwa.