Anayengojeshwa

Wahenga wametuachia methali mbili zinazogombana. Moja husema subira yavuta heri. Nyingine husema ngoja ngoja yaumiza matumbo. Katika midahalo ya chuoni, kila upande ulishika yake. Mimi naziona zote kuwa za kweli. Swali ni hili: nani anangoja, na nani aliyemwambia angoje?

Sisi wa Kolandoto tunajua kuhifadhi. Viazi vitamu huwa michembe, muhogo huwa udaga, navyo hungoja kiangazi bila kunung'unika. Lakini kiumbe hai hakingoji hivyo. Hebu, msomaji, tutazame mfano wa mdudu.

Mwaka 1973 kidung'ata wa muhogo, mdudu mweupe kama aliyepakwa unga, alionekana huko Kongo. Alikuwa mgeni kutoka Amerika ya Kusini. Wote ni majike, huzaa pasipo dume. Penginepo waliangamiza hadi asilimia 80 ya mavuno. Mwaka 1981 adui yake, nyigu mdogo kuliko punje ya mtama, alipatikana Paraguai. Wataalamu wa taasisi ya IITA, Ibadan, Nigeria, wakiongozwa na Mswisi Hans Herren, walimzalisha na kumwachia mashambani katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Nyigu huyo hutaga yai ndani ya kidung'ata. Buu humla mwenyeji wake kutoka ndani hadi akabaki ganda gumu. Katika joto la nyuzi 27 hivi, nyigu mpya hutoboa ganda na kutoka baada ya majuma mawili au matatu. Baridi humchelewesha. Ndiyo maana wafugaji wa nyigu wa namna hii huweza kuweka maganda mahali pa baridi, ili wapate wengi kwa siku moja, au wangoje shamba liwe tayari.

Nafuu hiyo ina bei yake. Wakikaa mno, baadhi hufa. Wengine hutoka, na ukiwahesabu utafurahi. Kumbe mabawa yamekunjamana na mayai yamepungua. Madume wengine hupoteza uwezo wa kuzalisha. Na kwa kuwa yai la nyigu lisilorutubishwa hutoa dume, kizazi kinachofuata hujaa madume wasiotaga. Kwa hiyo mfugaji mwangalifu hatosheki na hesabu ya waliotoka. Huuliza pia: je, wanaruka? Wanataga?

Naam, kubaki hai si sawa na kubaki na uwezo. Nawafikiria vijana waliohitimu ualimu na kukaa nyumbani miaka kadhaa wakingoja ajira. Wengine wameshika jembe, wengine wamekwenda machimboni Geita. Siku wanapoitwa, twawakuta mkono umesahau chaki, tunasema vijana wa siku hizi hawana moyo.

Mtu atasema: fedha za serikali hazitoshi, lazima wengine wangoje. Sikatai. Hata mfugaji wa nyigu hulazimika kungojesha. Atasema tena: mtu si mdudu, anaweza kusoma na kujinoa mwenyewe. Hilo nalo ni kweli, na kijana asilisahau. Lakini mtu ana jambo ambalo nyigu hana: alipewa ahadi akaiamini. Deni la aliyemngojesha huwa kubwa zaidi, si dogo.

Naona wajibu ni wa namna tatu. Anayemngojesha mwenzake ajue kiasi cha baridi na idadi ya siku. Amwambie ukweli wa siku hizo. Na zikipita kiasi, asimlaumu kwa mabawa ambayo baridi yenyewe imeyakunja, bali amsaidie ayanyoshe. Pasipo hayo, kumhubiria mtu subira ni kumwongezea baridi.